NCHI YA HONDURAS NA SIKU 69 ZA WATU WA NDIZI

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa katibu wa elimu wa tawi letu katika darasa la wanachama. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni siku ile. Msomaji akisha kusoma ampe mwenzake.)



Nimepewa nafasi leo niseme habari za nchi moja ya mbali iitwayo Honduras. Pale mlangoni nimewasikia wengine wakiulizana: Honduras ni kitu gani, na inatuhusu nini sisi? Swali hilo nitalijibu kabla sijaketi.

Lakini kwanza niwakumbushe jambo moja. Mwezi uliopita, mapatano yetu na tajiri yaliposomwa katika ukumbi huu, ndugu mmoja alisimama akasema: "Miezi minane ya mazungumzo, na tumepata nyongeza isiyofika bei ya debe la unga. Basi ada yangu ya chama inakwenda wapi?" Watu wengine walipiga makofi. Mimi sikumkasirikia ndugu yule, maana mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kuuliza. Nilikwenda nyumbani nikalifikiri neno lake, nikatafuta katika habari za wafanyakazi wa nchi nyingine. Jibu nililoliona zuri kuliko yote lilitoka Honduras. Ndiyo sababu nimeichagua.

MAHALI ILIPO

Mkitazama ramani ya dunia mtaona Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini zimeungwa na kipande chembamba cha ardhi, kama kiuno cha nyigu. Pale pana nchi saba ndogo, na jina lake ni Amerika ya Kati. Honduras iko katikati ya hizo. Upande wa magharibi imepakana na Guatemala, kusini-magharibi ni El Salvador, na kusini-mashariki ni Nicaragua. Kaskazini yote ni pwani ndefu ya Bahari ya Karibi. Kusini ina mlango mdogo tu wa kutokea bahari ya Pasifiki, katika ghuba ya Fonseca.

Ukubwa wake ni kama maili za mraba 43,000. Kenya yetu ni kama 224,000, kwa hiyo Honduras tano zingeweza kuingia ndani ya Kenya. Watu wake ni kama milioni kumi. Lugha ya serikali na ya sokoni ni Kihispania.

Sehemu kubwa ya nchi ni milima. Mlima mrefu kuliko yote unafika kama futi 9,400, na katika milima hiyo hupandwa kahawa. Katika Amerika ya Kati yote hakuna nchi inayotoa kahawa nyingi kuliko Honduras. Mkulima wa Nyeri au Kisii na mkulima wa huko hawajuani, lakini kahawa yao hununuliwa na watu wale wale, na bei ikianguka wote wawili hulala na mawazo.

Mji mkuu ni Tegucigalpa, nao uko milimani, mahali palipochimbwa fedha zamani. Lakini mji wa viwanda ni San Pedro Sula, karibu na pwani ya kaskazini. Umekaa katika bonde la Sula, nchi tambarare yenye udongo mweusi wenye rutuba, na mto Ulúa hupita humo. Bonde hilo mlikumbuke, maana habari yangu karibu yote ilitokea humo na katika bandari zilizo karibu nalo.

WATU WAKE

Wenyeji wa kwanza walikuwa makabila mengi. Watu wa Maya walijenga mji mkubwa wa mawe mahali paitwapo Copán, wenye ngazi iliyochorwa maandishi yao kila kidato. Mji huo uliachwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lakini mawe yake yapo mpaka leo, na watu hutoka mbali kwenda kuyatazama.

Mwaka 1502 Kolumbasi alifika pwani hiyo katika safari yake ya nne. Wahispania wakaja nyuma yake na bunduki na farasi. Katika miaka ya 1530 mkuu mmoja wa kabila la Lenca, jina lake Lempira, aliwakusanya watu wake akapigana na Wahispania hao mpaka akauawa. Wenyeji wakashindwa. Hata hivyo leo fedha ya nchi ile inaitwa lempira. Mtu akinunua mkate anatoa lempira, na akipokea mshahara anapokea lempira. Aliyeuawa kama mkorofi amekuwa jina la mshahara wa watu.

Watu wengi wa Honduras siku hizi ni mchanganyiko wa damu ya Kihispania na ya wenyeji. Lakini pwani ya kaskazini wako watu wenye ngozi kama yetu, waitwao Garifuna. Babu zao walikuwa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent waliooana. Waingereza walipigana nao, kisha mwaka 1797 wakawapakia katika meli na kuwatupa katika kisiwa cha Roatán, mbele ya pwani ya Honduras. Wengi walikufa kabla ya kufika. Waliobaki wakavuka mpaka nchi kavu, wakajenga vijiji, wakalima muhogo, wakavua samaki, na lugha yao hawakuiacha mpaka leo. Bandari za ndizi zilipojengwa, vijana wao wengi walikwenda kufanya kazi gatini.

UHURU, NA DENI LA RELI

Honduras ilitoka katika mikono ya Hispania tarehe 15 Septemba 1821. Baadaye iliungana na jirani zake wanne katika shirikisho moja, lakini shirikisho hilo likavunjika, na mwaka 1838 Honduras ikasimama peke yake. Bendera yake ina nyota tano, ukumbusho wa nchi zile tano zilizokuwa kitu kimoja.

Sasa sikilizeni habari ya reli. Serikali yao ilitaka kujenga reli ya kuunga bahari mbili, kutoka Karibi mpaka Pasifiki. Kati ya mwaka 1867 na 1870 ilikopa fedha London na Paris, jumla ya paundi zaidi ya milioni tano kwa hesabu ya karatasi. Nasema kwa hesabu ya karatasi, kwa sababu sehemu kubwa iliishia kwa mawakala na walanguzi huko huko Ulaya. Hata Bunge la Uingereza mwaka 1875 lilichunguza mambo hayo likaona aibu yake. Reli yenyewe ilitoka bandarini, ikapita San Pedro Sula, kisha ikakwama. Haikuiona milima, sembuse bahari ya pili.

Lakini deni halikukwama. Lilizaa faida juu ya faida, na malipo ya mwisho yalifanywa mwaka 1953. Fikirini! Babu alikopa, na mjukuu amelipa akiwa mzee, kwa reli ambayo haikujengwa. Na mpaka leo Tegucigalpa, mji mkuu, haujapata kufikiwa na garimoshi kutoka pwani.

KAMPUNI ZA NDIZI

Nchi yenye deni haina nguvu ya kukataa. Mwisho wa karne ile wafanya biashara wa Marekani waligundua kwamba ndizi zinaweza kupelekwa New Orleans na New York zikiwa mbichi, zikaivia huko na kuuzwa kwa faida kubwa. Wakaja Honduras wakasema: Tupeni ardhi, nasi tutawajengea reli. Serikali ikatoa ardhi, eka elfu kwa maelfu, na misamaha ya kodi juu yake. Reli zikajengwa kweli, lakini zilikwenda kwenye migomba na kurudi bandarini. Pasipokuwa na mgomba hazikwenda.

Kampuni kubwa zilikuwa tatu. Ya kwanza United Fruit, iliyofanya kazi huko kwa jina la Tela Railroad Company. Ya pili Standard Fruit, katika mji wa La Ceiba. Ya tatu Cuyamel, ya bwana mmoja aitwaye Samuel Zemurray. Bwana huyo mwaka 1911 aliona serikali iliyopo itaharibu misamaha yake ya kodi. Basi alimpa fedha rais wa zamani, Manuel Bonilla, aliyekuwa akikaa New Orleans, akamsaidia kupata meli na bunduki na askari wa kukodiwa. Bonilla akarudi kwa vita, na mwaka 1912 akawa rais tena. Zemurray akapata ardhi na misamaha aliyoitaka. Mwaka 1929 aliiuza kampuni yake kwa United Fruit, na miaka michache baadaye akawa mkubwa wa United Fruit yenyewe.

Mwandishi mmoja Mmarekani, aliyejiita O. Henry, alipata kukimbilia Honduras alipokuwa akitafutwa kwa kesi ya fedha za benki. Mwaka 1904 alitoa kitabu ambamo aliitaja nchi ya namna hiyo kuwa "jamhuri ya ndizi". Jina hilo likaenea dunia nzima, na mpaka leo watu hulitumia kama tusi kwa nchi maskini. Lakini tukumbuke kwamba watu wa Honduras hawakujiita hivyo wenyewe. Walioifanya nchi kuwa ya ndizi ndio waliokuja kuicheka.

Kufikia mwaka 1930 Honduras ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza ndizi nchi za nje. Tajiri alikuwa mwenye shamba, mwenye reli, mwenye gati, mwenye meli, mwenye hospitali na mwenye duka. Mshahara ulitoka kwa kampuni asubuhi, na jioni ukarudi kwa kampuni.

KAZI ILIVYOKUWA

Sisi tunaujua mgomba, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Mkataji alishika mti mrefu wenye kisu mbele, akaukata mgomba juu kidogo ili uiname, na mkungu ukashuka juu ya bega la mchukuzi. Mkungu mmoja ulifika ratili themanini, na mwingine zaidi. Mchukuzi aliupeleka mpaka penye nyumbu au reli, bila kuugonga, kwa maana mkungu uliochubuka ulikataliwa, na jasho lililomwagika juu yake halikulipwa. Meli ilipofika hapakuwa na usiku wala mchana. Meli ilipochelewa hapakuwa na kazi wala malipo.

Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa majani ya mgomba uliingia, na kampuni ikaleta dawa ya rangi ya buluu iliyotengenezwa kwa shaba na chokaa. Vibarua walivuta mipira mirefu wakiinyunyiza siku kutwa, mpaka nguo zao na ngozi zao zikageuka rangi. Mmoja wa waliofanya kazi katika mashamba hayo alikuwa Ramón Amaya Amador. Mwaka 1950 alitoa kitabu cha hadithi juu ya maisha hayo, na jina lake maana yake ni "Gereza la Kijani". Jina hilo lilitosha.

Na chama cha kuwasemea hakikuwako. Tangu mwaka 1933 mpaka 1949 nchi ilitawaliwa na Jenerali Tiburcio Carías, mtu asiyetaka kusikia neno mgomo. Aliyemfuata, Juan Manuel Gálvez, alikuwa mwenye mkono mwepesi zaidi, lakini naye kabla ya urais alikuwa wakili wa United Fruit. Basi mfanyakazi akashitaki wapi?

MGOMO WA 1954

Jambo kubwa mara nyingi huanza na dogo. Katika Aprili 1954, bandarini, palitokea ubishi juu ya malipo maradufu kwa kazi ya Jumapili na sikukuu. Makuli walisema: Siku ya kupumzika ikichukuliwa, ilipwe mara mbili. Wakubwa wakakataa. Makuli wakaweka mikono chini. Sisi tunaosoma habari za mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, na wa makuli wa Kilindini mwaka 1955, tunajua vizuri jinsi moto wa gati unavyowaka.

Mwanzoni mwa Mei neno lilikuwa limepanda reli na kufika mashambani. Wakataji, wachukuzi, watu wa garimoshi, mafundi wa karakana, wote wakaacha kazi. Watu wa United Fruit waliogoma walikuwa kama 25,000. Watu wa Standard Fruit nao wakagoma, na wa viwanda vya San Pedro Sula, na wa migodi. Katika nchi isiyozidi watu milioni mbili siku zile, hilo lilikuwa tetemeko.

Walidai nyongeza ya asilimia 50, matibabu yaliyo bora, malipo ya saa za ziada, na haki ya kuwa na chama. Kamati kuu ya mgomo ikakaa katika mji wa El Progreso, ng'ambo ya mto Ulúa.

Jambo ninalotaka mlishike, hasa ninyi vijana, ni jinsi walivyojitawala. Watu 25,000 wasio na mshahara wanaweza kuwa jeshi la njaa katika wiki mbili. Hawa hawakuwa hivyo. Walipiga marufuku pombe. Waliweka walinzi wao wenyewe ili mali isiharibiwe na mtu asipate sababu ya kuleta askari. Walifanya majiko ya pamoja, na wanawake wakapika kwa zamu. Wakulima wadogo walileta mahindi na maharagwe, na wenye maduka wa miji ya jirani wakatoa vyakula, kwa kuwa nao walijua kwamba mfanyakazi asiye na kitu hanunui kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee wetu walisema.

Lakini shida zilikuwa kubwa. Nchi ya jirani, Guatemala, ilikuwa imechukua ardhi ya United Fruit iliyokuwa haikulimwa, ili iwape wakulima. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiandaa kuiangusha serikali ya huko, na jeshi la kufanya kazi hiyo lilikuwa likikusanywa ndani ya Honduras. Katika saa kama hiyo, kila aliyeomba senti aliitwa mkomunisti. Serikali ya Honduras ikawafukuza makonsuli wa Guatemala ikisema wanachochea mgomo. Kisha viongozi wa kamati ya kwanza wakakamatwa, na wengine wakashika nafasi zao. Palikuwa na mabishano kati ya wafanyakazi wenyewe, huyu akimwita mwenziwe kibaraka, na huyu akimwita mwenziwe mkomunisti. Tarehe 27 Juni rais wa Guatemala, Jacobo Árbenz, alijiuzulu. Wagomaji wakaona wamebaki peke yao.

Tarehe 9 Julai mgomo ukaisha. Ulikuwa umekaa siku 69.

WALIPATA NINI?

Sasa, ndugu yangu uliyeuliza habari ya ada, sikiliza. Watu hawa walidai asilimia 50. Baada ya siku 69 bila mshahara walirudi kazini na sehemu ndogo tu ya nyongeza waliyodai. Kama ungalikuwako siku ile El Progreso, ungalisimama ukauliza swali lile lile, na watu wangalikupigia makofi.

Na mambo yakazidi kuwa mabaya. Septemba ile ile kimbunga kilileta mafuriko, mashamba yakazama. Kampuni haikuyapanda yote tena. Ilifukuza watu, maelfu kwa maelfu. Mtu angeweza kusema: Tumegoma, tumekula muhogo, na sasa hata kazi hatuna.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kimekwisha kutendeka. Kampuni iliyokuwa haizungumzi na mtu ilikuwa imeketi mezani mbele ya wachukuzi wa ndizi, ikatia sahihi. Chama kikazaliwa, jina lake kwa kifupi SITRATERCO, chama cha watu wa Tela Railroad Company. Mwaka 1955 wanawake wa Honduras walipewa haki ya kupiga kura. Mwaka 1957 akaingia rais daktari, Ramón Villeda Morales. Na mwaka 1959 ikatoka Sheria ya Kazi, kitabu kizima, yenye saa za kazi, likizo yenye malipo, ulinzi wa mama mwenye mimba, haki ya kuwa na chama na haki ya kugoma kwa utaratibu. Mwaka ule ule ukaanzishwa mfuko wa taifa wa matibabu na uzee.

Sheria ile haikuwa ya watu wa ndizi tu. Ilikuwa ya karani wa Tegucigalpa, mwalimu, dereva, na mshonaji ambaye siku ya mgomo alikuwa hajazaliwa. Nyongeza ya mwaka 1954 ililiwa na bei za vitu, nayo ilikwisha zamani. Sheria iko mpaka leo.

YALIYOFUATA

Sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba Honduras imekuwa peponi. Oktoba 1963, siku chache kabla ya uchaguzi, askari walimwangusha yule rais daktari, na Kanali Oswaldo López Arellano akashika nchi. Mwaka 1969 Honduras na El Salvador zilipigana vita ya siku nne hivi, nayo magazeti yakaiita vita ya mpira kwa sababu timu zao zilikuwa zikishindania Kombe la Dunia. Kiini chake hasa kilikuwa ardhi, na wakulima maskini wa El Salvador waliohamia Honduras.

Mwaka 1974 serikali iliweka kodi ya senti 50 za Kimarekani kwa kila sanduku la ndizi lililotoka nje. Miezi michache baadaye ikaishusha mpaka senti 25. Kwa nini? Mwaka 1975 ilijulikana kwamba kampuni, ambayo wakati huo iliitwa United Brands, ilikuwa imetoa rushwa ya dola milioni moja na robo. Mkuu wa kampuni, Eli Black, alikuwa amekwisha kujirusha kutoka dirisha la ofisi yake New York. Rais López Arellano aliondolewa. Ndugu, twaona kwamba chama peke yake hakitoshi. Kodi inayoibwa juu huwa dawa inayokosekana hospitalini chini.

Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliua maelfu ya watu nchini humo na kuharibu mashamba na madaraja. Novemba 2020 vimbunga viwili, Eta na Iota, vilifuatana katika wiki mbili, na bonde la Sula likageuka ziwa. Kazi zikikosekana vijana huondoka. Oktoba 2018 maelfu walitoka San Pedro Sula kwa miguu kuelekea Marekani, wazazi wakibeba watoto mgongoni. Fedha wanazotuma nyumbani wale waliofika ni karibu robo ya pato lote la nchi.

Na kuwatetea watu bado ni kazi ya hatari. Machi 2016 mama mmoja wa kabila la Lenca, Berta Cáceres, aliyepinga bwawa la umeme katika mto wa watu wake, aliuawa usiku nyumbani mwake. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata nishani ya Goldman, ile ile aliyoipata mama yetu Wangari Maathai mwaka 1991.

VIWANDA VYA NGUO

Siku hizi wengi wanaofanya kazi katika bonde la Sula hawamo tena katika migomba. Wako katika viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Marekani, na wengi wao ni wanawake. Hapo naona dada zetu wa EPZ ya Athi River wanatikisa kichwa. Naam, ni kazi ile ile, fulana zile zile, na wanunuzi mara nyingi wale wale.

Katika mji wa Choloma kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Russell, mali ya Fruit of the Loom. Wafanyakazi wake wakaunda chama, na Januari 2009 kiwanda kikafungwa. Watu kama 1,200 walikuwa wamepoteza kazi. Wangeweza kulia na kwenda nyumbani. Badala yake walipeleka habari kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, ambao majina ya vyuo vyao yalikuwa yakichapwa juu ya fulana hizo. Vyuo karibu mia vikavunja mikataba na kampuni. Novemba mwaka ule ule kampuni ikakubali kufungua kiwanda upya, kuwarudisha wafanyakazi, na kukitambua chama.

Je, wangeliweza kufanya hivyo kama hawakuwa na chama? Nani angekwenda kusema kwa niaba ya nani? Na haki ya kuunda chama waliipata wapi? Waliipata kwa watu wa ndizi wa mwaka 1954, ambao wengi wao walikwisha kufa.

JIBU LANGU

Bwana Mwenyekiti, nakaribia kumaliza.

Ndugu aliuliza ada yake inakwenda wapi. Hesabu ya fedha ataipata kwa mtunza hazina, vocha kwa vocha, na asipoipata anifuate mimi, nitakwenda naye. Hiyo ni haki yake, na chama kinachoficha hesabu hakina haki ya kumsema tajiri.

Lakini iko hesabu ya pili. Katika mapatano yetu ya mwezi uliopita, kila mtu aliufungua ukurasa wa kwanza, wa mshahara. Wangapi waliusoma ukurasa wa nne? Pale pameandikwa kwamba mtu hafukuzwi bila kusikizwa mbele ya mwakilishi wake, na kwamba kibarua akitimiza miezi aliyowekewa huandikwa kazi ya kudumu. Maneno hayo hayanunui unga leo. Lakini bila hayo, nyongeza mnayopewa Januari inaweza kuondoka pamoja nanyi Februari.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na chama na haki ya kugoma. Ni maneno mazuri. Hata Honduras walikuwa na maneno mazuri mwaka 1963 askari walipokuja. Karatasi hailindi mtu, ila watu wakiilinda karatasi.

Basi nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja achukue nakala ya mapatano kwa karani, aisome mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake wakati wa chakula. La pili, vibarua wa bohari ya nyuma ni watu 31, na wenye kadi ya chama ni 6. Hawa 25 waliobaki hawajui ukurasa wa nne kama upo. Nataka kabla ya mkutano ujao kila mwanachama wa bohari ile awe amezungumza na mtu mmoja wa hao.

Maswali nitayapokea sasa. Na yule ndugu wa ada naona ameinua mkono. Aanze yeye.